Bi Saumu na Ugonjwa wa Wazungu

Bi Saumu hakuwahi kumwona Mzee Bakari, babu wa mumewe. Marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa miaka mingi kabla ya posa kufika kwa wazazi wa Saumu huko Mikindani. Hata hivyo, hapakuwa na mtu aliye hai katika kata nzima ya Likombe aliyemchosha kama maiti huyo. Wakila, Mzee Bakari alikuwapo. Wakiugua, Mzee Bakari alikuwa na neno. Chandarua kikitundikwa, mumewe humkumbusha kwamba Mzee Bakari alilala bila chandarua na akazeeka mpaka akasahau umri wake. Mwanamke aliyeozwa mume mmoja, kwa sheria ya Mwenyezi Mungu na mbele ya mashahidi waadilifu, alijikuta ameishi maisha yake yote na wanaume wawili, na yule wa pili hakuwa hata na adabu ya kufa akanyamaza.

Yeye mwenyewe alikuwa binti wa watu wa chumvi. Alikulia kandokando ya mashamba ya chumvi ya Mikindani, ambako maji ya bahari hutegwa vidimbwini, yakaachiwa jua mpaka yatoe kilichomo ndani yake. Alipoolewa akahamia Likombe hakuiacha kazi ile. Alinunua chumvi ya mawe kwa magunia, akaipima kwa kopo na kuwauzia wakaushaji wa samaki, na mikono yake ilikuwa na nyufa ambazo hakuna mafuta yaliyoweza kuziziba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyependa jambo liitwe kwa jina lake na kazi imalizwe siku ile ile. Mola, kwa hekima yake, alimpa mume wa maneno mengi.

Muhidini alikuwa karani mstaafu wa ghala la korosho. Haki isemwe: hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, hakuwahi kumnyima matumizi, na sauti ya adhana haikupata kumkuta kitandani. Alikuwa na shamba la mikorosho Mpapura, alikokwenda kwa baiskeli mpaka uzeeni, na alikuwa na ulimi mzuri uliomfanya aalikwe kila penye watu waliokaa. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu. Elimu yake yote ya maradhi ilitoka kwa msimulizi mmoja, na msimulizi huyo alikuwa babu yake.

Hadithi yenyewe Bi Saumu aliijua kama ajuavyo Alhamdu. Zama za Mwingereza, Mzee Bakari alikuwa boi katika nyumba ya Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba la mkonge. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuingia chumbani kwa bwana mkubwa, kukitoa chini ya kitanda chombo cha kauri alichojisaidia usiku, na kwenda kukimwaga mbali na nyumba. Asubuhi moja alikuta chomboni kitu cheusi kama kahawa ya buni. Mzungu akageuka manjano, akatapika, mkojo ukamkatika kabisa, na haukupita muda akafukiwa. Mzee Bakari aliwaona Wazungu wengine wakiondoka kwa njia ile ile, na hakumwona mtu mweusi hata mmoja. Basi akapitisha hukumu, na hukumu ile ikarithiwa pamoja na mikorosho ya Mpapura: homa ya mkojo mweusi ni ugonjwa wa Wazungu.

Ukoo haukurithi hadithi peke yake. Mzungu yule alikuwa akimeza kidonge cha kwinini jua likizama, siku alizokumbuka. Siku ambazo hakukumbuka, hakumeza. Akiwa na moyo mweupe alimgawia na boi wake. Tangu hapo kwinini ikawa heshima ya nyumba, kama wengine wanavyoweka saa ya ukutani isiyofanya kazi. Muhidini aliinunua katika maduka ya dawa ya mitaani na kuitembeza katika mfuko wa koti. Baridi ikimnyatia, alimeza viwili. Masikio yakianza kumlia kama nyenje, aliacha, kwa kuwa mlio ule, kwa fatwa ya Mzee Bakari, ulikuwa ni dalili kwamba homa imeaga.

"Zahanati hii hapa," Bi Saumu alikuwa akimwambia, mwaka baada ya mwaka. "Wanakutoboa kidole, wanakwambia unayo au huna. Ukiwa nayo wanakupa dawa mseto, unaimaliza, tunalala."

"Mseto ni dawa ya watoto."

"Na kwinini?"

"Kwinini ni chungu, Mama Sabra. Homa haiogopi kitu kitamu."

Bi Saumu alichukua kopo lake akaenda kupima chumvi.

Masika yalipokatika mwaka huo, Muhidini alikwenda Mpapura kufyeka shamba, akarudi na homa. Alimeza vidonge vyake, masikio yakalia, akaacha. Homa ikarudi, akameza tena, akaacha tena. Ilipomrudia mara nyingine, Bi Saumu aliona mambo ambayo hakupata kuyaona. Weupe wa macho ya mumewe uliingia rangi ya binzari. Kutoka barazani hadi uani alihema kama mtu aliyebeba gunia. Na siku alipoiloweka saruni yake, maji ya beseni yaligeuka kuwa kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Akaipeleka saruni ile mbele yake, ikitiririka maji.

"Baba Sabra, hii nini?"

Muhidini aliitazama upande upande. "Kichocho."

"Kichocho kwa umri huo?"

"Mimi nimekulia mabonde ya mpunga, kule Ruvuma. Kichocho hakina kustaafu."

Wakati huo Asadi, mdogo wake Muhidini, alikuwa ameegesha bajaji yake mlangoni na kuingia kutafuta chakula, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake aliuelekeza kwa shemejiye kwa sababu ndiko ulikokuwa na haki ya kwenda.

"Shemeji, wewe mtu wa chumvi, mambo ya mpunga hujui," alisema. "Kule bondeni mtoto wa kiume asipokojoa damu, mama yake anaanza kumchunguza kama ni wa kiume kweli. Tulikuwa tukisimama mstari, tunashindana nani mwekundu zaidi."

"Na nani alishinda?"

"Kaka. Na mpaka leo hajavuliwa taji, si unaona."

Ndugu wawili wakacheka. Na hapa ndipo palipomkera Bi Saumu kuliko pote, kwa sababu wasemalo lilikuwa na ukweli ndani yake. Watoto wa mabonde yale hukojoa damu kweli, na wazazi wao huwaangalia kama mtu anayemwangalia mtoto akiota meno. Jambo lililozoeleka lilikuwa limesimama mbele ya jambo jipya, likaliziba kama mtu mnene mlangoni.

"Nyekundu na nyeusi si rangi moja," alisema.

"Umeuona mkojo wenyewe?" Muhidini aliuliza, kwa sauti ya karani.

"Nitauonaje na wewe unajifungia?"

"Basi usichokiona usikitolee ushahidi."

"Nionyeshe nikione."

"Mama Sabra," alisema Muhidini kwa upole wenye kuudhi, "mcha Mungu haonyeshi haja yake."

Na kweli hakuionyesha. Choo chao kilikuwa cha shimo, chenye kuta za matofali na mlango wa bati, na ndani yake mchana na usiku vilikuwa sawasawa. Mtu huingia na kopo lake la maji, akachutama, akastanji kama alivyofunzwa, akatoka. Hakuna ajuaye kilichoanguka gizani, hata mwenyewe. Bi Saumu alimwomba waende hospitali. Alimwomba kwa jina la mtoto wao, Sabra, aliyeolewa Songea. Muhidini alijibu kwamba atakwenda, lakini baada ya kumpokea mgeni wake.

Mgeni huyo alikuwa ameahidiwa kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, mzaliwa wa Mbeya, jina lake Elizabeti. Alikuwa akipita tangu Mikindani mpaka kwenye mdomo wa Ruvuma, akiwasikiliza watoto na wajukuu wa waliowatumikia Wazungu, ili aandike jinsi homa ya mkojo mweusi ilivyoingia pwani hii, ilimshika nani, na iliondokaje. Muhidini alikuwa akiingojea siku hiyo kama mtu anayengoja nishani. Tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumtafuta kutoka mbali ili amsikilize. Akanyolewa, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na koti lake juu, na macho yake ya binzari akayakalisha mbele ya mgeni.

"Karibu, Daktari. Wewe ni daktari wa kutibu au wa kusoma?"

"Wa kusoma, Mzee. Sindano nikiishika naweza kuzimia."

"Ahsante kwa ukweli. Basi leo utasoma kitabu ambacho hakijachapwa."

Bi Saumu aliketi kizingitini na birika la chai, pasipo kuwa ndani wala nje. Asadi, aliyemleta mgeni kwa bajaji, alijinyoosha barazani kama mwenye nyumba. Muhidini alisimulia vizuri. Alipumzika mara kwa mara, mkewe akayahesabu mapumziko yale kwa hofu, ilhali mgeni aliyadhani ni ufundi wa kusimulia. Alipomaliza kwa hukumu ya Mzee Bakari, Elizabeti aliweka kalamu chini.

"Mzee, babu alijuaje kwamba wenyeji hawakuugua?"

"Hakumwona mwenyeji hata mmoja."

"Mkojo wa Mzungu aliuona kwa kuwa aliubeba. Wa mwenyeji ulibebwa na nani?"

Muhidini akafikiri. "Mwenyeji hakuwa na chombo. Alikwenda porini."

"Basi porini hapakuwa na wa kuangalia, Mzee, seuze wa kuandika. Ndilo linalonisumbua katika kazi hii. Nasoma kumbukumbu za zamani, nakuta majina ya Wazungu, mmoja mmoja, na rangi ya mikojo yao. Halafu nakuta vibarua wa Kihindi wachache. Halafu Waafrika waliokuja kutoka nchi za baridi. Wenyeji kidogo sana. Ni kweli kwamba mtu aliyeugua malaria tangu utotoni hupata kinga, na bila shaka iliwasaidia wengi. Lakini kiasi gani ni kinga, na kiasi gani ni kwamba hakuna aliyetazama, mpaka leo sijui."

"Na uliondokaje?" aliuliza Asadi, ambaye hakuulizwa.

"Wengi walioandikwa walikuwa na mtindo mmoja. Wanameza kwinini leo, wanaacha, homa ikirudi wanameza tena. Wataalamu bado wanabishana jinsi inavyotokea, lakini chembe za damu zinapasuka ndani kwa ndani, rangi yake inatoka na mkojo, na figo zinaziba. Baada ya vita kuu ya pili ilikuja klorokwini, kwinini ikawekwa kando, na ugonjwa ule nao ukafifia karibu kila mahali. Haukuwa ugonjwa wa ngozi ya mtu, Mzee. Na siku hizi mtu wa mjini akikaa miaka bila kuugua malaria, ile kinga nayo hupungua."

Bi Saumu alilitua birika sakafuni.

"Daktari," alisema, "na mtu akiwa amemeza, akaacha, akameza, halafu…"

"Mama Sabra," Muhidini alimkata, "mgeni hana chai."

Bi Saumu akammiminia mgeni chai. Moyoni mwake palikuwa na mambo mawili yanayoshikana koo. Alifundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mume ni vazi la mkewe na mke ni vazi la mumewe. Kwamba ya chumbani huishia chumbani. Kwamba atakayeisitiri aibu ya mwenziwe, Mola atamsitiri. Hakupata kuyavunja hayo hata siku moja. Alikuwa amevisitiri vidonge vya koti, amesitiri saruni, amesitiri hata ujinga wa Mzee Bakari mbele ya wakwe na majirani. Sasa akaona kwamba akiendelea kumsitiri hivi, hatua inayofuata ni kumsitiri kwa sanda. Dini iliyomwamrisha kumfunika mumewe haikumwamrisha kumzika hai. Akainuka, akachukua kufuli la ghala lake la chumvi, akaenda uani, akaufunga mlango wa choo. Katika bafu aliacha ndoo nyeupe ya plastiki, ile ya kuchotea maji ya kunywa, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa safi hata kuonyesha rangi. Ufunguo akauchomeka kwenye pindo la khanga.

Alirudi, akaketi, akangoja. Mumewe alikuwa akimweleza mgeni habari za shamba la mkonge. Kitambo si kirefu aliomba radhi, akanyanyuka kwa kushika ukuta, akapotelea uani. Akarudi akiwa amesimama wima kwa hasira.

"Choo kimefungwa kufuli."

"Nimekifunga mimi."

"Ufunguo."

"Bafuni kuna ndoo nyeupe, Baba Sabra."

"Mbele ya mgeni?"

"Mgeni amekuja kwa ajili ya mkojo. Safari yake yote kutoka huko kwao ni ya mkojo. Huwezi kumtolea wa Mzungu marehemu ukamficha wa kwako."

Asadi alipiga kicheko, kisha akayaona macho ya shemejiye, kicheko kikakatika katikati. Elizabeti alikuwa anamtazama Muhidini usoni, na safari hii hakuwa anatazama kama msikilizaji wa hadithi.

"Saumu, nitakuacha," alisema Muhidini. Kumwita kwa jina lake mbele ya watu ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Niache. Nitaondoka na ufunguo."

Ubishi ungeweza kuendelea hadi adhuhuri, kwa kuwa wote wawili walikuwa na vichwa vigumu. Lakini mwili wa mwanadamu hauna subira ya ubishi. Muhidini aligeuka akaenda bafuni. Alipotoka aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa uani akainamisha kichwa. Hakuwa amepata kuuona mkojo wake katika mwanga wa mchana. Sasa alikuwa ameuona.

Bi Saumu aliitoa ndoo ile akiwa ameifunika kawa la ukindu, lile lile linalofunika wali wa wageni, kwa kuwa mkono ulikwenda kwenye kitu cha kwanza kilichofunika. Akamwita Elizabeti uani, akafunua.

Elizabeti aliinama juu ya ndoo. Ugonjwa huu alikuwa ameusoma miaka mingi katika maandishi ya watu waliokwisha kuwa mifupa, na rangi hii alikuwa akiitaja katika mihadhara kama mtu anayetaja mji asiopata kuufika. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, huu mimi siwezi kuuandika. Huu ni wa hospitali. Sasa hivi."

"Asadi," alisema Bi Saumu, "washa bajaji."

Wakaenda, mgonjwa katikati, mgeni upande huu, na Bi Saumu upande ule na ndoo baina ya miguu yake, kawa juu yake. Njia nzima Muhidini alimsihi aimwage.

"Watu watasema nini, tunatembea na hii?"

"Ulitaka ushahidi. Shahidi huyu hapa, na yeye hawezi kugeuza maneno."

"Shemeji," alisema Asadi mbele, "ukiimwaga humu, unaosha wewe." Lakini aliendesha kwa uangalifu ambao abiria wake hawakuwahi kuuona.

Katika hospitali kubwa ya mjini walimkuta daktari kijana aitwaye Fredi, mtu wa bara. Aliitazama ndoo, akayatazama macho, akauliza dawa iliyomezwa. Muhidini alisema hakumbuki. Bi Saumu aliingiza mkono katika mfuko wa koti la mumewe, akaweka pakiti mezani.

"Hii asiiguse tena," alisema Fredi. "Nani alimwandikia?"

"Babu yake," alijibu Bi Saumu.

"Nizungumze naye basi."

"Utamkuta makaburini, mwanangu. Na ukimkuta, nina maneno ya kumfikishia."

Damu ya Muhidini ilikuwa imepungua mno. Asadi alipimwa, akaonekana anafaa, akatoa yake, akajitapa wodini kwamba kuanzia leo kaka yake atakuwa na akili. Dawa nyingine ya malaria ikatundikwa. Kisha likaja lile ambalo Bi Saumu alilijua kabla ya kuambiwa, kwa sababu alilisikia mara zisizo na idadi katika hadithi: mkojo ukakatika. Mfuko ulioning'inizwa kando ya kitanda, uliounganishwa na mgonjwa kwa mpira, ulikaa mtupu asubuhi na ukakaa mtupu jioni. Fredi alimweleza kwamba figo zimezimia. Huenda zikaamka, huenda zisiamke. Katika kungoja, mashine itafanya kazi yao.

Bi Saumu aliketi kando ya mashine ile ikiyazungusha maji ya mwili wa mumewe nje ya mwili, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Alimkasirikia Mzee Bakari. Alimkasirikia muuza duka aliyetoa kwinini kama anayetoa pipi. Alimkasirikia mtu huyu aliyelala hapa, mwenye uso uliovimba, aliyesoma mpaka akaweza kufunga mahesabu ya ghala zima na akashindwa kutazama chini. Aliomba dua, na katika dua yake alilalamika, na naamini Mola ni Msikivu hata kwa anayelalamika.

Muhidini naye, akili ilipomrudia, hakuuliza kama atapona.

"Mama Sabra, mpira huu unanivunjia udhu."

"Utavunja kitu gani na hautoi hata tone?"

"Ukianza kutoa?"

"Wakati ukiingia utatawadha, utasali swala yako, na mpira utaendelea na shughuli zake. Mwenye udhuru ana hukumu yake. Hili mimi nilifunzwa chuoni, nawe ulifunzwa kwenu."

Muhidini aligeuzia uso ukutani. "Wakiuliza msikitini, waambie ni figo."

"Ni figo."

"Usiwatajie mkojo mweusi."

"Kwa nini?"

"Watasema Muhidini anajifanya Mzungu."

Bi Saumu alimtazama. Akajikuta anacheka, akauziba uso kwa khanga, na wauguzi walidhani analia. Huenda walikuwa na nusu ya ukweli.

Wiki ilipita, ikaja nyingine, na mfuko ukaendelea kuwa mtupu. Elizabeti alikuja kila alipopata nafasi. Hakuja na kalamu. Aliketi na Bi Saumu nje ya wodi, wakala ndizi, na safari moja alisema kwamba amejiuliza ni wangapi wa zamani waliokufa katika nyumba za miti na udongo, wakaandikwa homa, au hawakuandikwa kabisa.

"Na huyu wangu," Bi Saumu aliuliza, "utamwandika?"

"Akikubali. Na wewe ukikubali."

"Mimi nakubali. Yeye ngoja kwanza awe na cha kukubalia."

Asubuhi moja, Bi Saumu akimpangusa mumewe miguu, aliona ndani ya mpira kitu kinachosogea. Hakumwita mtu. Alikitazama kikishuka, kikasita kwenye kipindo, kikaanguka mfukoni. Kikafuata kingine. Rangi yake ilikuwa ya chai nzito. Kesho yake ikawa ya chai nyepesi. Na siku zilizofuata ikaendelea kukwajuka, mpaka Fredi akasema mashine ipumzike, waone.

"Inua," alisema Muhidini.

"Niinue nini?"

"Mfuko. Nione."

Bi Saumu aliunyanyua mfuko ule mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Mcha Mungu yule aliyekuwa haonyeshi haja yake aliutazama kwa muda mrefu, midomo ikimtembea kwa tasbihi isiyosikika. Akasema alhamdulillahi. Kisha akasema kwamba Daktari Elizabeti amwandike, jina asilitaje, lakini aandike kwamba ni mtu wa Likombe, mweusi, na kwamba alitazamwa.

"Nitamwambia," alisema Bi Saumu, akaushusha mfuko, akatoka nje upesi kabla machozi hayajamfanya aonekane mpole.

Nje alimkuta Asadi ameketi kwenye benchi, amejikunyata ndani ya koti zito, jua likiwaka. Meno yalikuwa yakimgongana.

"Shemeji, vipi mgonjwa?"

"Amekojoa. Wewe una nini?"

"Si kitu. Kibaridi tu kimeninyatia tangu jana. Lakini nimekwisha kukiwahi." Akapapasa mfuko wa koti, akatoa pakiti ambayo Bi Saumu aliitambua kabla haijatoka yote. "Viwili tu. Na masikio tayari yanalia, kwa hiyo naacha."

Mwanamke huyu alikuwa ameufunga mlango wa choo chake mwenyewe, amebeba ndoo katikati ya mji, amekaa na mashine, amebishana na mfu na mzima. Na mwenye kuyaona yote hayo kwa macho yake, aliyetoa hata damu yake kwa ajili hiyo, alikuwa ameketi hapa na kwinini mkononi. Aliichukua pakiti, akaitia kwenye pindo la khanga, akamshika Asadi mkono juu ya kiwiko kama anavyoshikwa mwizi wa kuku.

"Shemeji, taratibu. Unanipeleka wapi?"

"Maabara."

"Kuna foleni."

"Nimeiona."

Akamkalisha mwisho wa foleni ile, naye akaketi kando yake, upande wa mlango wa kutokea.